Barabara ya Mchanga

Lodwar ina barabara mbili. Ya kwanza ni lami ya A1, inayotoka Kitale, inapita kwetu na kuendelea kaskazini-magharibi hadi Kakuma, Lokichoggio na mpaka wa Nadapal. Ya pili haina namba. Ni laga ya Kawalase, mto ambao kwa siku nyingi za mwaka hauna maji hata ya kunawa uso. Ni mchanga mtupu, mpana, unaokata pembeni mwa mji na kwenda kukutana na mto Turkwel. Waturkana huuita mto wa namna hii angolol. Sisi wengine tunasema laga, na neno hilo utalisikia kaskazini yote ya Kenya.

Mimi huendesha baiskeli humo. Ni baiskeli ya gia, tairi nene, nimeinunua mtumba. Nikipita na kofia yangu ya plastiki, watoto wanaochunga mbuzi hunikimbilia wakicheka, maana kwa nini mtu mzima aache lami aende kuhangaika mchangani? Swali lao ni zuri. Jibu fupi ni kwamba napenda. Jibu refu ni kwamba nafundisha historia, na sijapata kitabu kinachoisoma Turkana vizuri kama laga inavyoisoma. Njia hiyo hufungwa na kufunguliwa kwa misimu. Nimeipita misimu ya kutosha hadi nikaanza kujiuliza swali moja kuhusu njia nyingine zote za hapa kwetu: nani anaifunga, na kwa muda gani?

Akamu

Mwaka wa Waturkana una misimu miwili mikubwa. Akiporo ni wakati wa mvua, akamu ni wakati wa ukame. Lakini isikuingie akilini kwamba ni nusu kwa nusu. Akamu ndiye mwenye nyumba, akiporo ni mgeni. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka mzima, na joto la mchana hupita nyuzi 35 bila kumshangaza mtu. Kwa hiyo baiskeli huanza saa 11 na nusu alfajiri, na ikifika saa 3 asubuhi uwe umerudi kivulini.

Mchanga wa akamu ni kama unga. Unapunguza upepo kwenye tairi mpaka ukilibonyeza kwa kidole gumba linakubali, ndipo linatandaza mguu badala ya kuzama. Na njia yenyewe haiko katikati. Katikati ni mali ya maji, hata kama maji yenyewe hayapo. Unafuata ndani ya kona, pale udongo mwembamba uliobaki baada ya mafuriko ya mwisho umekauka na kuwa mgumu. Unafuata nyayo za punda, kwa sababu punda hapendi kuchoka bure. Ukienda juu zaidi, kingo zinapanda na kukaribiana, na kwa kipande fulani unaendesha ndani ya korongo ambalo kuta zake za udongo zimekupita kichwa. Humo kuna ubaridi wa alfajiri ambao mjini umeshakwisha. Ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Vitabu vya mchezo huu vinasema ulizaliwa California, kwenye miteremko ya Mlima Tamalpais. Oktoba 1976 vijana wa huko walianza kushindana kuteremka njia moja ya vumbi kwa baiskeli kuukuu za Schwinn. Njia hiyo waliiita Repack, kwa sababu breki zilichemka hadi grisi ikaungua, na ilibidi zipakwe upya kila baada ya mteremko. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, baiskeli ya milimani iliyotengenezwa kwa wingi kiwandani. Sawa, mchezo ulizaliwa huko. Lakini kazi yenyewe, ya kupitisha magurudumu mawili mahali pasipo na barabara, Afrika Mashariki ilikuwa inaijua. Ilifanywa na blackmamba, chuma tupu, bila gia, breki za fito, madumu manne ya maji nyuma. Mpakani Busia baiskeli kama hizo za kuvusha watu ndizo zilizaa neno bodaboda. Mwenye blackmamba hakuwa na muda wa kuita shida yake mchezo.

Na laga si uwanja mtupu. Mgeni akitazama anaona mchanga na miti. Mwenyeji anaona mipaka. Miti ya ewoi iliyo kwenye kingo, migunga ile ya maganda matamu kwa mbuzi, mara nyingi ina wenyewe: familia fulani ina haki na kipande chake cha kingo, na haki hiyo huitwa ekwar. Maganda yakidondoka wakati wa akamu, hayo ndiyo chakula cha mbuzi wa familia ile. Ukifika mahali matawi ya miiba yamezungushwa juu ya mchanga, shuka kwenye baiskeli. Hapo pana kisima kilichochimbwa kwa mikono, na kina mama watafika kabla jua halijawa kali. Unasalimia, ejok, unapita ukisukuma. Njia ya laga iko wazi, lakini iko wazi kwa adabu.

Kibali

Wakoloni hawakuiona hiyo adabu. Waliona utupu. Kisheria sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa upande wa Uganda hadi 1926, ilipohamishiwa Kenya. Kabla ya hapo, mwaka 1918, msafara wa kijeshi ulioitwa Labur Patrol ulipita huku na kuondoka na mifugo mingi mno ya Waturkana. Baada ya kuwavunja nguvu watu, serikali haikujenga barabara. Ilifunga mlango. Kulikuwa tayari na Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902, iliyompa mtawala uwezo wa kutangaza wilaya kuwa imefungwa, na mwaka 1934 ikaja sheria nyingine ya wilaya maalumu iliyobana zaidi mwendo wa wafugaji. Mgeni alihitaji kibali kuingia. Turkana ikawa chumba cha nyuma cha Kenya.

Chumba cha nyuma kina matumizi yake. Jomo Kenyatta alipohukumiwa Kapenguria, Aprili 1953, alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana. Kifungo kilipokwisha, Aprili 1959, hakurudishwa nyumbani. Aliletwa hapa Lodwar akae chini ya amri ya kutotoka. Machi 1961 viongozi wa KANU na KADU walikuja hapa hapa kumwona, na mwezi uliofuata akahamishiwa Maralal. Nyumba aliyokaa Lodwar bado ipo.

Huwa nawauliza wanafunzi wangu: kwa nini Lodwar? Hujibu haraka, kwa sababu ya joto, mwalimu. Joto ni kweli. Lakini hata Mombasa kuna joto. Walichokitafuta wakoloni ni umbali, na umbali huo haukuwa umeumbwa na Mungu peke yake. Wafugaji walikuwa wakitembea kutoka ziwani hadi mabonde ya Karamoja kwa kufuata laga moja hadi nyingine, visima hadi visima. Nchi ilikuwa na njia tele. Kilichoifanya iwe gereza ni karatasi iliyosema njia hizo si njia.

Etirae

Baina ya 1979 na 1981 ilikuja njaa ambayo Waturkana huiita Lopiar, ile iliyofagia. Ukame, magonjwa ya mifugo na uvamizi wa silaha vilikutana mwaka mmoja. Maelfu kwa maelfu ya watu walisogea kwenye kambi za chakula, na baadaye serikali ya Norway ikaingia kwa nguvu na miradi ya kuinua wilaya upya. Lami ya kutoka Kitale hadi Lodwar ni kazi ya enzi hiyo ya Wanorway. Kwa mara ya kwanza lori liliweza kuja Lodwar bila kupiga dua kwenye kila laga.

Enzi hiyo pia ilileta mti. Sehemu nyingine za Kenya wanauita mathenge. Waturkana wanauita etirae. Ulipandwa kwa nia njema: ushike mchanga, utoe kuni na kivuli. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway kwa ugomvi wa kisiasa, na Wanorway wakafunga virago. Mti haukufunga virago. Ulitelemka na maji, mbegu zake zikapanda matumboni mwa mbuzi na ng'ombe, ukajaza kingo za laga. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari.

Mimi naujua kwa tairi. Mwiba wa ewoi ni mwembamba. Ukikuchoma, upepo hutoka polepole na unaweza kufika nyumbani. Mwiba wa etirae ni msumari. Hutembei Kawalase bila tyubu ya akiba, viraka, solusheni na pampu. Na pale etirae ilipokaribiana pande zote mbili, njia ya punda imekufa, na pengine hata mwenye ekwar haifikii tena miti yake. Wapo wanaoikata na kuichoma makaa, na makaa hayo yamelipa karo za watoto wengi, kwa hiyo siwezi kuulaani mti moja kwa moja. Ninachosema ni kwamba hapa tena njia ilifungwa, safari hii bila askari na bila sheria, na waliokuwa na uwezo wa kuulizwa mapema hawakuulizwa: wale wenye kingo.

Akiporo

Kisha maji yanakuja. Mara nyingi ni kuanzia Machi au Aprili, na pengine tena Oktoba na Novemba, ingawa siku hizi hakuna anayethubutu kuapa. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua iliangusha watu kaskazini mwa Kenya. Miaka hiyo niliuona ukame kwa kutazama visima vya Kawalase: kila mwezi mwanamke aliyekuwa ndani ya shimo alionekana kidogo zaidi, kwanza mabega, kisha kichwa, kisha mkono tu unaopokea kibuyu.

Lakini akiporo ikija, inakuja kwa ghafla. Hatari ya laga ni kwamba mvua yake haikunyeshei wewe. Hunyesha vilimani, mbali, na wewe uko chini ya anga safi unapiga pedali. Wakenya wa kusini walijifunza hili kwa uchungu katika hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, ambako watu huenda kwa baiskeli kutazama korongo. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwakuta vijana wa kanisa ndani ya korongo hilo na kuua saba. Septemba 2019 maji yakarudi tena na kuua saba wengine. Huku kwetu hatuna magazeti kwenye kila kona, lakini si mara moja wala mbili tumesikia habari ya mtoto aliyekuwa akivuka kutoka shuleni.

Mzee mmoja mchungaji alinikuta siku moja nimesimama nikitazama mawingu. Akaniambia, "Mwalimu, huko juu unatafuta nini? Tazama mbuzi." Mbuzi wake walikuwa wameshaanza kupanda ukingo. Tukapanda nao, baiskeli begani. Mlio ulitangulia, kama malori mengi yanayoshuka mteremko kwa gia nzito, kisha ulimi wa kahawia ukapita kwenye kona, umebeba magogo na povu. Haukuwa mrefu, pengine hadi magotini, mwanzoni. Baada ya dakika chache hapakuwa na mahali pa kuweka mguu.

Halafu? Halafu tulikaa. Hili ndilo ningependa msomaji aliweke akilini. Maji yakifunga laga, watu hukaa ukingoni. Wanapiga gumzo, wanauza chai, wanakisia kimo. Hufungwa saa tatu, saa sita, pengine siku moja au mbili. Kisha hupungua, na yule mwenye miguu mirefu hujaribu kwanza kwa fimbo. Maji hayaulizi kabila lako wala cheti chako. Na yakishapita yanakuachia zawadi: mchanga uliolowa na kushikana, mgumu kama sakafu. Wiki moja baada ya mafuriko ndiyo wiki bora ya baiskeli kwa mwaka mzima. Tairi linaimba. Korongo limechorwa upya, kona niliyoizoea imehama, na mimi ni mgeni tena katika njia yangu mwenyewe.

Turkwel yenyewe haifanyi hivyo tena kama zamani. Kule juu, kwenye korongo kubwa kweli linalopakana na Pokot Magharibi, lilijengwa bwawa la zege lenye kimo cha mita 153, na tangu 1991 linazalisha umeme, megawati 106. Umeme ni kitu kizuri, naandika haya chini ya taa. Ila mto ulio chini yake umefugwa. Ile gharika ya msimu iliyokuwa ikimwagikia misitu ya kingo na mashamba ya mtama, sasa inapimwa na mtu mwenye funguo.

Tarach

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na asubuhi upepo uko nyuma yako. Ni ule upepo wa kusini-mashariki ambao wanasayansi wameupa jina la Turkana lenyewe, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya ukapata kasi. Kwenda ni raha. Kurudi, usiniulize. Barabara hiyo zamani ilikuwa makovu matupu ya lami, na kila laga ilikuwa na la kusema. Kwa fedha za mradi wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2015 imejengwa upya, na madaraja yanakupitisha juu ya mchanga hata usijue umevuka mto.

Laga ya Kakuma inaitwa Tarach. Maji yake hutoka upande wa miinuko ya mpaka wa Uganda na kwenda kufia kwenye uwanda wa Lotikipi. Kando yake, mwaka 1992, ilifunguliwa kambi kwa ajili ya vijana waliokimbia vita Sudan. Leo Kakuma na makazi ya Kalobeyei, yaliyoongezwa 2016, yana zaidi ya watu 250,000 kutoka nchi nyingi. Usafiri wao kwa muda mrefu umekuwa baiskeli: bodaboda za blackmamba zenye viti vya sponji na vitambaa vya maua, zikipita kati ya Kakuma 1 na soko la mjini.

Nina fundi wangu huko, Mkongomani kutoka Kivu. Baiskeli yeye haiiti baiskeli. "Mwalimu, hii kinga yako ni ya muzuri, lakini tairi inakufa," aliniambia siku ya kwanza, na kinga ndilo jina la kwao. Alinionyesha jinsi ya kulaza ukanda wa tyubu kuukuu kati ya tairi na tyubu ili mwiba wa etirae uchoke njiani. Tangu hapo pancha zangu zimepungua sana. Anaijua Tarach kuliko mimi ninavyoijua Kawalase: anajua ni wapi mchanga unabeba abiria wawili na ni wapi haubebi hata mmoja, na anajua mlio wa maji.

Siku moja nikamwambia, fundi, njoo siku moja Lodwar nikuonyeshe korongo langu. Akacheka. "Mimi naendaka paka kwa daraja. Mbele ya pale, siyui."

Hakuwa anasema kuhusu mchanga. Mkimbizi nchini Kenya hatoki eneo alilopangiwa bila karatasi ya ruhusa. Sheria ya wakimbizi ya 2006 ilifanya kutoka bila ruhusa kuwa kosa, na sheria mpya ya 2021, pamoja na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, imeahidi maisha ya pamoja kati ya wageni na wenyeji. Ahadi ni jambo la kungoja. Yeye amengoja. Karatasi aliyoiomba kwenda kumwona ndugu yake mgonjwa ilitoka wakati ndugu ameshazikwa. Vizuizi vya polisi viko palepale kwenye lami mpya, na ulaini wa lami haujawahi kumfungulia mtu kizuizi.

Nikihesabu sasa, naona mfumo uleule. Mwaka 1934 kibali kilimzuia mtu kuingia Turkana. Leo kibali kinamzuia mtu kutoka Kakuma. Kati ya hapo tumejenga lami, madaraja na bwawa, tumeshinda karibu kila kitu ambacho maji yalikuwa yakitufanyia. Kwa upande wa karatasi tumeshinda kidogo sana. Najua wanaosema usalama, na najua kwamba mpaka uko karibu na bunduki zipo. Lakini laga nayo huua, na bado hakuna mzee ambaye amewahi kuamuru ifungwe miaka thelathini. Wazee walichofanya ni kujifunza dalili zake, kukaa ukingoni wakati wa hatari, na kuvuka ikipita. Hiyo ndiyo hekima ya usalama niliyoikuta huku, na ni ya zamani kuliko sheria yoyote niliyoitaja.

Mara ya mwisho nilipopita, fundi alikuwa anakaza spoku. Bila kuinua macho akauliza, "Kule mbele kuko je?" Nikavuta kopo la rangi, nikakaa. Nikaanza kumhesabia: ukivuka daraja, vilima viko kushoto, halafu uwanda, halafu miti ya ewoi mitatu peke yake, halafu laga ya kwanza, mchanga wake ni mweupe, halafu ya pili, nyekundu. Alinisikiliza na gurudumu likizunguka polepole mkononi mwake. Nilipofika kwenye njia panda ya Lokitaung alinisimamisha. Alitaka nirudie ile laga nyekundu, nimweleze kama mchanga wake unabeba abiria wawili.